Simu inachemka halafu inaganda: ni betri, ni prosesa au tunahujumiwa?

#1 KalamuKavu
Wakuu, salaam.

Simu yangu ina miaka mitatu na ushee. Haijawahi kuzama majini, kioo hakina hata mchubuko. Wiki tatu sasa imekuja na tabia mpya. Nikipiga simu ya video, dakika kama kumi hivi, upande wa juu karibu na kamera unapata moto mpaka nahamisha kidole. Kisha kioo kinafifia chenyewe, sauti ya mwenzangu inaanza kukatikakatika, na kibodi inachelewa: naandika neno zima ndipo herufi zinatokea zote kwa mkupuo. Nikiilaza mezani robo saa inarudi kuwa simu.

Madai yangu ni kwamba huu si uchakavu. Imeanza siku mbili baada ya apdeti. Naamini kampuni zinazipunguza kasi simu za zamani ili tuhamie mpya. Mwenye hoja tofauti aje nayo, ila asiniambie "nunua mpya".

#2 Jicho la Paka
Nunua mpya.

#3 KalamuKavu
Nilijua tu utakuwa wewe.

#4 FundiBisibisi
Mkuu KalamuKavu, umetaja kitu ambacho wateja wangu huwa hawataji: mahali moto unapoanzia. Kwenye simu nyingi bodi ya saketi inakaa juu, jirani na kamera, na prosesa, ule ubongo wa simu, iko humo. Betri imelala katikati kuelekea chini. Kwa hiyo unachokigusa ni prosesa, na huko kuganda ni prosesa inajiokoa.

Simu haina feni. Joto lote linatokea kwenye kioo na mgongoni, na chombo kidogo namna ile kinaweza kutoa wati chache tu bila kumchoma anayekishika. Vihisi vya joto vikiona mpaka umefikiwa, mfumo unashusha kasi ya prosesa, unafifisha kioo, na ukizidiwa unazima tochi ya kamera na kusimamisha chaji. Hiyo ni kinga.

Halafu simu ya video ni kazi nzito kuliko watu wanavyodhani. Kamera imewaka, kioo kimewaka, video yako inabanwa ili iende, ya mwenzako inafumuliwa ikija, na redio, ile sehemu inayowasiliana na mnara, inatuma bila kupumzika. Kila mtu analaumu gemu, kumbe shangazi akipiga simu ya video saa nzima simu inatoka jasho vilevile.

#5 Tupatupa19
Kwa hiyo apdeti haihusiki?

#6 FundiBisibisi
Sijasema haihusiki. Nimesema kinachoganda ni nini. Kinachoipandisha joto ni swali jingine.

#7 Mchimba Chumvi
Mleta uzi msimcheke, haya yalishatokea. Mwaka 2017 Apple walibainika wanapunguza kasi ya iPhone za zamani zikipata moto, wakapigwa faini Italia na Ufaransa. Kwa hiyo hujuma ipo, tena imeandikwa.

#8 Nukta Mkato
@Mchimba Chumvi hapo umechanganya. Kupunguzwa kasi kulikuwapo, lakini sababu haikuwa moto. Desemba 2017 Apple walikiri kwamba mfumo unashusha kasi kwenye simu zenye betri iliyochoka, kwa sababu betri hiyo inashindwa kutoa umeme wa ghafla na simu inazimika. Kosa lao kubwa lilikuwa kunyamaza. Mtu alikuwa anaona simu imekuwa nzito, ananunua nyingine, kumbe betri mpya ingetosha.

Faini ni kweli: Italia Oktoba 2018, Ufaransa Februari 2020, hii ya Ufaransa ilikuwa yuro milioni 25. Na Italia siku hiyohiyo waliipiga faini Samsung pia, kwa kuwasukuma watu waweke apdeti nzito kwenye simu isiyoimudu. Hilo la pili ndilo lililo karibu zaidi na madai ya KalamuKavu.

#9 KalamuKavu
Asante Nukta Mkato. Kwa hiyo umeniunga mkono huku unanikosoa.

#10 Kava Moja
Naomba kuuliza swali la kijinga. Una kava? Yangu ilikuwa na lile la mpira mnene lenye pembe za kuzuia kudondoka. Nililitoa siku moja nikiwa narekodi somo, simu ikamaliza dakika arobaini bila kulalamika. Nikalirudisha, dakika kumi na nane ikaandika kwamba inahitaji kupoa. Nimerudia mara tatu. Ni sawa na kumvalisha mtu sweta halafu unamshangaa anatoka jasho.

#11 KalamuKavu
Ninalo, nene kama tairi. Lakini nilikuwa nalo miaka yote mitatu, mbona moto umeanza wiki hizi?

#12 Usukani
Mimi kazi yangu ni dereva, simu inakaa kwenye kishikizo mbele ya kioo cha gari kutwa nzima. Jua linaipiga usoni, ramani iko wazi, GPS inafanya kazi, mwanga wa kioo uko juu kabisa kwa sababu bila hivyo sioni, data imewashwa, na chaja imechomekwa. Mchana inafikia mahali chaji inashuka huku iko kwenye chaja! Nilidhani waya mbovu, nikabadilisha waya mbili.

Siku moja nikaihamishia kwenye tundu la kiyoyozi, hewa baridi inaipuliza mgongoni. Chaji ikapanda kama kawaida. Waya zote mbili nimempa ndugu yangu.

#13 Nukta Mkato
@Usukani hata watengenezaji wanasema. Apple kwa mfano wanaandika kwamba simu itumike pale hewa ilipo kati ya nyuzi 0 na 35 za Selsiasi. Ndani ya gari lililofungwa juani hizo 35 unazipita mapema sana, hapo simu hujaigusa.

Na chaji kusimama ni makusudi. Betri ya lithiamu ikichajiwa ikiwa ya moto inazeeka haraka, kwa hiyo mfumo unabana mkondo au unaukata.

#14 mama_wawili
Jamani mbona ya kwangu inachemka chini, pale pa kuchomekea chaja? Juu pako poa kabisa.

#15 FundiBisibisi
Dada, yako ni kesi nyingine. Mulika tundu kwa tochi. Mara nyingi kuna pamba ya mfukoni imeshindiliwa huko, au vijino vimeshika kutu, waya haukai sawasawa. Mguso ukiwa mbaya ukinzani unapanda, yaani umeme unapita kwa shida, na joto linatokea palepale. Izime kwanza, kisha safisha kwa kijiti cha mti, si cha chuma. Ukiona plastiki imebadilika rangi kuwa kahawia, acha kuchaji, peleka.

#16 mama_wawili
Nimetoa pamba inayotosha kujaza mto. Nawaletea mrejesho.

#17 Tupatupa19
Kuna namba ya siri ya kuona joto la betri kwenye Android. Ingia sehemu ya kupiga simu uandike *#*#4636#*#*, inafunguka yenyewe.

#18 Jicho la Paka
Kwangu inaonyesha taarifa za simu na Wi-Fi tu, betri haipo.

#19 Tupatupa19
Kwenye matoleo mapya wameiondoa kwenye simu nyingi. Tafuta programu ya kusoma betri, ila soma inaomba ruhusa gani. Ya kusoma joto ikitaka orodha ya majina yako, ifute.

#20 KalamuKavu
Kwangu namba imekubali. Nimefanya kama maabara. Asubuhi simu imelala: nyuzi 29. Simu ya video dakika tano: 37. Dakika kumi: 42. Dakika kumi na tatu kioo kimefifia, betri inasoma 44, na pale juu penyewe nadhani ni zaidi, maana ningeweza kunyooshea kola ya shati.

#21 Sindano
Mimi nilitatua kwa friji. Ikichemka naiweka juu kule kwenye barafu dakika tano. Inatoka kama mpya.

#22 Nukta Mkato
Usifanye hivyo tena, tafadhali.

#23 Sindano
Kwa nini? Inafanya kazi.

#24 Antena Juu
@Sindano ukitoa soda kwenye friji nje ya chupa kunatokea nini? Maji. Basi ndani ya simu yako kunatokea hayohayo, juu ya bodi yenye umeme. Ukitaka kuipoza zima unachofanya, toa kava, ilaze kwenye vigae au juu ya meza ya kioo, au iweke mbele ya feni. Inachukua muda mrefu zaidi lakini haiogi.

#25 Sindano
Sasa nimeelewa kwa nini kamera ya nyuma ina ukungu mdogo unaokuja na kuondoka. Nilidhani ni uchafu wa kiwandani 😅

#26 Antena Juu
Turudi kwa mleta uzi. KalamuKavu, hizo simu za video unapigia wapi? Chumba gani?

#27 KalamuKavu
Chumba cha ndani, maana sebuleni kuna watoto. Kwa nini?

#28 Antena Juu
Mistari ya mtandao iko mingapi huko ndani?

#29 KalamuKavu
Mmoja. Ukibahatika miwili.

#30 Antena Juu
Hapo ndipo mchawi alipo. Nieleze vizuri maana jambo hili linasahauliwa sana.

Simu haipazi sauti kwa kiwango kimoja. Mnara ndio unaoiamuru. Ikiwa karibu na mnara na hakuna kizuizi, inanong'ona. Ikiwa mbali, au ukuta nene uko katikati, mnara unaiambia ongeza, ongeza, mpaka inafika mwisho wa uwezo wake. Kwenye 4G mwisho huo kwa kawaida ni kama wati 0.2 zinazotoka kwenye antena, utaona ni kidogo. Lakini kipaza nguvu kinachozitoa kinakula umeme mwingi kuliko hizo, na kinachobaki kinageuka joto ndani ya simu. Zile za zamani za 2G ziliweza kufika wati 2, ila kwa vipande vifupi vifupi.

Sasa weka simu ya video juu yake. Unatuma picha mfululizo, kutoka chumba chenye mstari mmoja. Vipande vya data vinapotea njiani, vinatumwa upya. Simu inapiga kelele dakika kumi bila kupumua. Isichemke kwa nini?

Hata ukiwa hufanyi kitu: mahali penye mtandao dhaifu simu inahangaika kutafuta, inaruka kati ya 5G na 4G. Umewahi kusafiri na simu mfukoni hujaigusa, ukaitoa ina moto na chaji imekwisha? Ndiyo hiyo.

#31 Usukani
Kuna kipande cha barabara napita, kila siku simu inachemka hapohapo. Nilidhani ni jua. Lakini hata usiku!!

#32 KalamuKavu
Nimejaribu. Sebuleni mistari minne, simu ya video dakika kumi na tano: imeishia nyuzi 39. Haikuganda. Nakubali Antena Juu ana hoja nzito.

Lakini sijamaliza. Nikarudi chumba cha ndani, nikazima data nikatumia Wi-Fi ya nyumbani, ambayo huko inashika vizuri. Imefika 43. Mnara haukuhusika hapo.

#33 FundiBisibisi
Kwa sababu ni prosesa, kama nilivyosema namba 4 😎

#34 Antena Juu
Fundi usishangilie mapema. Hukumwuliza kama alizima mtandao wa simu wenyewe au data tu. Ukizima data, simu bado inawasiliana na mnara.

#35 FundiBisibisi
Inawasiliana kwa kugusagusa, haitumi video. Huwezi kuniambia kwamba kugusagusa huko kunapandisha nyuzi 4.

#36 Kava Moja
Chumba cha ndani kina dirisha? Hewa yake ikoje? Joto la simu linaanzia kwenye joto la chumba. Chumba kikiwa na nyuzi 27 na kingine 31, tofauti yenu yote imeishia hapo.

#37 KalamuKavu
Kina dirisha dogo, hewa nzito. Kipimajoto cha chumba sina.

#38 Jicho la Paka
Kuna watu wana digrii tatu kwenye uzi huu, kipimajoto hakuna.

#39 Mchimba Chumvi
Tusisahau na prosesa zenyewe kuna zilizozaliwa na moto. Mwaka 2015 Snapdragon 810 ililalamikiwa dunia nzima, simu za bei ya juu zikawa zinashindwa kushika kasi yake dakika chache tu. Na Note 7 ya Samsung mwaka 2015 zikalipuka kwa sababu ya prosesa hiyohiyo.

#40 Nukta Mkato
@Mchimba Chumvi ya 810 uko sawa. Ya Note 7 umekosea mwaka na sababu. Ilikuwa 2016, na lilikuwa suala la betri. Samsung walieleza Januari 2017: betri za aina mbili, kila moja na kasoro yake. Ya kwanza ilibanwa kwenye kona ya juu mpaka tabaka la ndani likapinda, ya pili uchomeleaji ulibakisha vipande vyenye ncha. Prosesa haikuhusika.

#41 Mchimba Chumvi
Nukta Mkato unalala saa ngapi?

#42 Nukta Mkato
Ukiacha kuandika.

#43 Kabati
Nasoma tangu namba 1, naona wote mnajadili joto, hakuna aliyeuliza hifadhi imejaa kiasi gani. Yangu ilikuwa inaganda hata asubuhi ikiwa baridi kama jiwe la mtoni. Nafasi iliyobaki ilikuwa haifiki giga moja: picha za makundi, video za salamu za asubuhi, za jioni, za Ijumaa. Hifadhi ya simu ikijaa namna hiyo, kuandika kitu kipya kunakuwa kazi ya kuhamisha vitu kwanza ili kipate pa kukaa. Nilifuta giga kumi na mbili. Ikaamka.

KalamuKavu, "inachelewa" na "inachemka" zinaweza kuwa shida mbili zilizokutana.

#44 KalamuKavu
Imebaki giga mbili nukta kitu. Nyingine zote ni salamu za asubuhi, kweli kabisa.

#45 mama_wawili
Mrejesho: baada ya kutoa pamba, chini hapachemki tena. Fundi ubarikiwe. Sasa swali: mume wangu kila dakika anafunga programu zote, anazipeperusha juu moja moja kama anafukuza kuku. Anasema zinachemsha simu. Ni kweli?

#46 Tupatupa19
Ni kweli, zinakula nyuma.

#47 FundiBisibisi
Si kweli kwa nyingi. Zile unazoziona kwenye orodha nyingi zimelala, mfumo umezigandisha. Ukizifunga, ukizihitaji tena inabidi zianze upya kabisa, na kuanza upya ndiko kunakokula. Funga ile tu iliyokwama au inayocheza, kama ramani uliyosahau kuizima.

#48 Tupatupa19
Fundi, simu ya memori ndogo ni tofauti. Mimi yangu ina giga mbili za RAM, ile memori ya kuendeshea programu, nisipofunga hata kamera haifunguki.

#49 FundiBisibisi
Giga mbili? Hapo hata ukifunga macho.

#50 Mpita Njia
Hamjataja virusi. Desemba 2017 Kaspersky, wale wa programu za kuzuia virusi, walieleza kirusi cha Android kilichoitwa Loapi. Miongoni mwa kazi zake kilikuwa kinachimba sarafu za kidijitali kwa kutumia prosesa ya simu ya mtu. Kwenye simu yao ya majaribio, baada ya siku mbili betri ilivimba mpaka kifuniko kikapinda. KalamuKavu, uliweka programu gani wiki tatu zilizopita?

#51 KalamuKavu
Niliweka moja ya kupunguza ukubwa wa video, na moja ya tochi.

#52 Jicho la Paka
Ya TOCHI? Simu ina tochi yake!

#53 KalamuKavu
Hii ilikuwa inapepesa kwa rangi. Watoto waliipenda.

#54 Mpita Njia
Iwashe kwa hali salama, ile inayozuia programu ulizoweka mwenyewe. Iache saa nzima mezani bila kuigusa. Ikichemka bado, si programu zako.

#55 KalamuKavu
Hali salama, saa nzima mezani: 29. Hali ya kawaida, saa nzima mezani: 31. Sijui nyuzi mbili zinamaanisha nini. Tochi nimeifuta, kumetokea kilio hapa nyumbani.

#56 Nukta Mkato
Kuhusu apdeti, maana hoja ya msingi imeachwa. Baada ya apdeti kubwa simu inafanya kazi nyingi kimyakimya: inaziandaa upya programu, inapanga picha upya, inatambua sura. Kupata moto siku moja mbili ni kawaida. Wiki tatu si kawaida. Lakini apdeti yenye kasoro nayo inawezekana: iPhone 15 Pro zilipotoka Septemba 2023 zililalamikiwa moto, Apple wakasema sehemu ya tatizo ni kasoro ndani ya mfumo wa iOS 17 pamoja na programu chache zilizokuwa zinaibebesha prosesa mzigo, na Oktoba wakatoa marekebisho. Kwa hiyo kosa la apdeti si lazima liwe hujuma. Linaweza kuwa uzembe tu.

#57 KalamuKavu
Uzembe unaonisukuma ninunue mpya una tofauti gani na hujuma?

#58 Nukta Mkato
Hapo umenibana kidogo.

#59 Jicho la Paka
Niungame jambo. Nimenunua simu mpya mwezi uliopita, ya bei ya kutisha. Jana nimepiga simu ya video nikiwa nimeichomeka kwenye chaja ya kasi. Imechemka, kioo kimefifia, video imekatika.

#60 KalamuKavu
Nunua mpya.

#61 Kava Moja
Nunua mpya.

#62 mama_wawili
Nunua mpya kaka 😂

#63 Antena Juu
Na chaja ile ya sahani isiyo na waya ndiyo mbaya zaidi kwa joto, hasa simu ikikaa upande. Sehemu ya umeme inageuka moto tu njiani.

#64 Babu Kitochi
Mimi kitochi changu cha vitufe kina miaka kumi na moja. Hakijawahi kuchemka.

#65 Usukani
Babu, kimewahi kupiga simu ya video?

#66 Babu Kitochi
Kinapiga simu. Inatosha.

#67 FundiBisibisi
Sasa nirudi kwenye betri, maana kuna kitu nimekiona leo kikanifanya nifikirie upya nilichoandika namba 4.

Nimeletewa simu, mwenyewe analalamika inaganda na inapata moto juu, hivihivi kama ya mleta uzi. Nikailaza mezani kwa mgongo, nikabonyeza kona moja kwa kidole: ikabembea kama sahani iliyopinda. Nikaigeuza kwenye mwanga. Kioo kimeinuka upande wa kushoto, ukucha unapita. Nimefungua taratibu kwa kadi ya plastiki, betri imetuna katikati kama kimto cha kuchomekea pini, gundi imenyanyuka nayo, na mgongo wake umegusana na kifuniko cha prosesa. Mwenye simu hakuwahi kuona. Alidhani kava limelegea.

Betri ikizeeka ukinzani wake wa ndani unapanda. Mkondo ukipita joto linaenda na mraba wa mkondo: ukiuongeza mara mbili, joto linaongezeka mara nne. Kwa hiyo kazi ileile iliyoleta nyuzi 38 simu ikiwa mpya, leo inaleta 43, bila prosesa wala programu kubadilika. Na volti ikizama, mfumo unabana kasi. Moto na uzito kwa pamoja.

KalamuKavu, miaka mitatu na ushee, ukichaji kikamilifu kila siku ni mizunguko zaidi ya 1,000. Zipo simu nyingi za umri huo ambazo betri yake ilikusudiwa kubakiwa na asilimia 80 baada ya mizunguko 500. Ilaze mezani, iguse kona. Ikibembea usiibane wala kuitoboa, na usiichaji.

#68 Antena Juu
Kwa hiyo si prosesa tena?

#69 FundiBisibisi
Prosesa inaganda, betri inapika. Usinitafutie ugomvi.

#70 KalamuKavu
Haibembei. Lakini fundi wa huku ameisoma, betri imebaki asilimia 71. Ameniwekea mpya jana jioni.

#71 KalamuKavu
Mrejesho baada ya siku nne. Kuganda kumekwisha karibu kote, kibodi inakimbia. Moto umepungua, haujaisha: simu ya video dakika kumi na tano, nyuzi 40.

#72 FundiBisibisi
Betri. Uzi ufungwe.

#73 Antena Juu
Usifungwe. KalamuKavu, siku hizi nne ulikuwa unapigia chumba gani?

#74 KalamuKavu
Sebuleni. Baada ya kusoma namba 30 sijarudi ndani.

#75 Kava Moja
Na kava?

#76 KalamuKavu
Fundi alilitoa, sijalirudisha.

#77 Kabati
Na zile salamu za asubuhi?

#78 KalamuKavu
Nilifuta giga tisa usiku uleule wa kubadilisha betri 🙈 Na apdeti nyingine ndogo iliingia juzi.

#79 Nukta Mkato
Yaani umebadilisha betri, chumba, kava, hifadhi na mfumo ndani ya wiki moja, halafu unatuletea mrejesho mmoja. Hapa kila mtu ataondoka anajiona kashinda. Rudisha kitu kimoja kimoja. Anza na kava, chumba kilekile cha ndani, muda uleule, dakika zilezile.

#80 Mgeni wa Leo
Habari wakuu. Sijasoma kurasa zote, ila mbona sijaona mtu ametaja kava?

#81 Kava Moja
Namba 10, mkuu. Soma taratibu, una mengi ya kucheka.

#82 KalamuKavu
Kava nimelirudisha. Kipimajoto cha chumba nimeazima kwa jirani, kinasoma 30. Naingia ndani, nampigia shangazi. Ameniambia ana mambo mengi ya kuniambia, kwa hiyo dakika hazitapungua.